Mchumba wa Gordon

Uongo wa kwanza ulikuwa mdogo tu, wa salamu. "Gordon anakusalimu sana," Metrine Nekoye, mtunzaji wa wazee, alisema asubuhi moja akimsugua Mama Awuor mgongo, na yule mama akacheka mpaka povu la sabuni likamwingia mdomoni. Sasa wewe niambie, ni nani angemwona mama kipofu akicheka hivyo, kisha amwambie, "Hapana, nimekosea, mwanao amekwisha zikwa"? Wapo watu wenye roho hizo. Metrine hakuwa mmoja wao.

Gordon ndiye mtoto pekee aliyekuwa amembakia Mama Awuor. Aliendesha trekta la kuvuta miwa huko Muhoroni, na kwa kuwa alilala chumba kimoja na wanaume wenzake, alimleta mama yake kwenye makao ya wazee, njia ya kwenda Dunga ufuoni mwa ziwa, akaahidi kumchukua siku atakayopata nyumba. Kila mwisho wa mwezi alikuja na sukari na hadithi. Kisha mwaka ule wa 1972, mvua ilipolainisha barabara za mashambani, trekta lilipinduka mtaroni naye akiwa juu yake. Ndugu za marehemu baba yake wakamzika kwao, Seme. Mmoja wao alifika pale makao baada ya mazishi, akasimama ofisini kofia mkononi, akasema, "Nyinyi ndio mnajua kuongea na wagonjwa," akaenda zake bila hata kuingia kumsalimu shemeji yake.

Daktari naye alikuwa ameshasema moyo wa mama yule ni dhaifu. Basi msimamizi, Magdalene Mumbi, mwanamke wa kutoka Nyeri mwenye sauti kali na machozi ya karibu, aliwaita wafanyakazi jikoni akawaambia hakuna kusema neno. Wote wakaitikia, hata wazee waliokaa chumba kimoja na Mama Awuor. Ilionekana ni huruma. Na kweli ilikuwa huruma, usinielewe vibaya.

Lakini uongo ukishaufuga, lazima uulishe. Mbona haji? Amepandishwa cheo, mama, siku hizi ni nyapara, hana nafasi. Anakula wapi? Kuna mama mmoja anapika vizuri sana pale karibu na kiwanda. Sukari nayo ilikuja, maana Metrine aliinunua mwenyewe na kusema imeletwa na dereva. Halafu siku moja Mama Awuor akauliza, "Ana bibi?"

Hapo ndipo Metrine alipokanyaga pabaya. Angeweza kusema bado. Lakini aliutazama uso ule uliomgeukia, macho yamefumba na mdomo umefunguka kidogo ukingoja, akajikuta anasema, "Ana mchumba."

"Wacha! Anaitwa nani?"

"Nabwire."

"Mluhya!" Mama Awuor alipiga makofi. "Yaye, mwanangu amevuka wasichana wote wa Seme ameenda kutafuta kwenu! Basi wewe Metrine sasa ni ndugu yangu. Njoo hapa." Akamvuta, akamkumbatia na maji yake ya kuoga, akamlowanisha aproni yote.

Tuseme ukweli hapa. Metrine alifiwa na mama yake kabla hajajua hata kusuka nywele, akalelewa kwa shangazi huyu na yule kule upande wa Bungoma, kila mmoja akimhesabia uji. Hakuna aliyewahi kumvuta kifuani hivyo. Kuanzia siku hiyo, kila akimaliza zamu yake alikaa kando ya kitanda cha Mama Awuor wakamjenga Nabwire pamoja. Mrefu? Wa wastani. Anacheka? Anacheka sana. Anajua kupika samaki? Hajui, lakini anataka kufundishwa. Mama Awuor, aliyeuza samaki Dunga maisha yake yote mpaka macho yakamwacha, alianza kueleza jinsi ya kupara samaki aitwaye ngege bila kumchana ngozi, naye Metrine akisikiliza kwa niaba ya msichana ambaye hakuwepo duniani. Jamani, walikuwa na furaha.

Sasa, miezi hiyo hiyo, wenye makao waliamua wafanyakazi wapate mafunzo. Wafanyakazi walikuwa wameomba kufundishwa namna ya kuinua mgonjwa bila kuvunjika kiuno, na wakaomba glavu. Wakaletewa Mwalimu Zacchaeus Chege, kijana mwembamba kutoka Murang'a, msomi wa falsafa.

"Tuliomba glavu tumeletewa maswali," Wanyonyi mpishi alisema. "Hii falsafa inapikwa na nini?"

Mwalimu Chege alicheka pamoja nao. Alikuwa mtu wa haya, na chakula cha mchana alikula dagaa wa omena kwa ushujaa, akimtazama kila dagaa usoni kabla ya kummeza, mpaka Wanyonyi akamhurumia akamkaangia yai. Lakini darasani haya ilimwishia. Ijumaa ya kwanza, wakiwa wamekaa chumba cha kulia, aliuliza, "Yule mzee unayemtunza, yeye ni mgeni wako, au wewe ndiye mgeni wake?" Wakacheka. Kisha wakabishana mpaka chai ikapoa. Lornah, mfanyakazi wa upande wa wanawake, aliyezaliwa hapo hapo Dunga, akasema amefanya kazi hiyo miaka mingi na hajawahi kubisha hodi kwenye chumba cha mzee hata siku moja. Jumatatu yake kila mlango wa makao ulisikia hodi. Wazee wengine walikasirika, wakasema wanaamshwa.

Sheria ya darasa ilikuwa moja. Kila Ijumaa mfanyakazi mmoja alileta jambo alilolitenda yeye mwenyewe, jambo alilodhani ni jema, na wengine waliruhusiwa kuuliza tu. Hakuna kushauri, hakuna kukemea, hakuna kusema "mimi ningefanya hivi." Ni kuuliza, basi. Wewe jaribu siku moja uone ilivyo ngumu. Wanyonyi alikuwa akijiziba mdomo kwa mkono.

Zamu ya Metrine ilipofika, aliingia akiwa amejikaza kama mtu anayekwenda kupewa zawadi. Na kusema kweli alitarajia kusifiwa. Alisimulia habari za salamu, za sukari, za Nabwire. Watu walicheka pale pa ngege. Kisha akafika kwenye shida yake: Mama Awuor alikuwa amesuka kikapu kwa vidole vyake vile vilivyopinda, kikapu cha mkamwana, na sasa alitaka Nabwire aletwe Krismasi ili amshike mikono. Metrine alikuwa na binamu aliyefanya kazi kwenye nyumba ya wakubwa fulani huko Milimani, msichana mcheshi, wa wastani. Alikuwa ameshaongea naye. Binamu amekubali.

"Nataka mniulize maswali ambayo mama anaweza kuuliza," Metrine alisema, "ili binamu yangu ajiandae."

Hakuna aliyecheka tena. Magdalene, aliyekuwa nyuma akifuma sweta, alisema bila kuinua macho, "Daktari alisema. Mimi siwezi kuua mtu."

"Hilo si swali, Mama Magdalene," Mwalimu Chege alisema taratibu. "Lakini mimi nina moja, kwako. Daktari alisema asiambiwe, au alisema asishtuliwe?"

Sindano zikasimama. Magdalene alifikiri kwa haki, maana alikuwa mtu wa haki. "Alisema asishtuliwe," akasema mwishowe.

Wanyonyi akaondoa mkono mdomoni. "Metrine, dada yangu, nauliza tu. Krismasi ikipita, harusi itakuwa lini? Na mjukuu utamtoa wapi?"

Metrine alitaka kumrushia kiti. Ndiyo, alikuwa ameyafikiria hayo, lakini alikuwa akiyasukuma mbele, kama sisi sote tunavyosukuma. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo hakuna asiyeijua, na hakuna anayeikumbuka siku anapoihitaji.

"Unapomwambia habari za Nabwire," Mwalimu Chege akauliza, "ni nani kati yenu anayefurahi zaidi?"

"Yeye!" Metrine alijibu upesi. Masikio yalikuwa yanawaka moto.

Lornah ndiye aliyekuwa hajasema kitu. Alikuwa ameinamia meza akichora kwa kidole juu ya maji ya chai yaliyomwagika. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na kilio chake, Metrine, mmempa nani?"

"Kilio gani?"

"Kwetu mama hulilia mtoto wake. Anasimama mbele ya watu anamlilia kwa sauti, anamtaja, anakimbia huku na huku akimwita. Wewe ulishaona. Mama asipolia, watu husema nini?"

"Mimi sijui watu wenu husema nini."

"Mimi najua, na nimenyamaza miezi yote hii kwa sababu tuliambiwa tunyamaze." Lornah alianza kulia. "Nilienda mazishi ya mtu huko Seme. Wanasema, yule Awuor hata kuja hakuja. Wanasema mama gani huyo, labda anajua kilichomuua. Hilo si swali, Mwalimu, nisamehe."

Mwalimu Chege hakumkemea. Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. Ndipo Metrine, kwa hasira ya mtu aliyeshikwa, akamgeukia. "Wewe mwenye digrii, basi nipe jibu! Nimwambie ama nisimwambie?"

"Sijui," alisema. "Na ningekuwa wewe ningeogopa pia. Unaogopa nini hasa, Metrine? Kwamba atakufa?"

Metrine alifungua mdomo kusema ndiyo. Lakini chumba kile kilikuwa kimemzoesha, Ijumaa baada ya Ijumaa, kutojibu haraka. Akatafuta ndani yake, na alichokikuta kilimwaibisha.

"Naogopa atanichukia," akasema.

Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Magdalene. Alitegemea kufukuzwa. Magdalene alikuwa amekwisha mpigia daktari simu. Daktari alisema wamkalishe vizuri, ashibe kwanza, dawa iwe karibu, aambiwe polepole na mtu anayempenda. "Nimemwambia huyo mtu tunaye," Magdalene alisema, kisha akamgeuzia mgongo akajifanya anatafuta funguo.

Mama Awuor alikunywa uji wake wote. Alikuwa na kikapu magotini, akikagua ukingo kwa kidole gumba. Lornah alisimama mlangoni na maji na dawa. Metrine alibisha hodi, akaingia, akapiga magoti badala ya kukaa kitini.

"Leo hatuogi?" Mama Awuor aliuliza. "Au Nabwire amekuja?"

"Mama," Metrine alisema, akashika ukingo wa kikapu. "Mama, Nabwire hayuko. Nilimtunga mimi. Hakuna msichana kama huyo."

Kidole gumba kikaacha kutembea.

"Gordon amekosana naye?"

"Hapana, mama. Gordon aliumia na trekta wakati wa mvua. Aliumia vibaya sana. Gordon alikufa, mama. Walimzika Seme, kando ya baba yake. Sisi tulijua. Mimi nilijua tangu siku ile ya kwanza, na nikakuletea salamu zake."

Mama Awuor hakushtuka kama walivyoogopa. Alikaa tu. Kupumua kwake kulisikika. Lornah alisogea na maji, mama akaisukuma bilauri bila kuiona. Kisha mkono wake ukatafuta mkono wa Metrine juu ya godoro, ukaupata, ukautoa pale ulipokuwa na kuuweka mbali. Metrine aliona heri angepigwa kofi.

"Nilikuwa nacheka," Mama Awuor alisema. "Mwanangu yuko chini, mimi nacheka. Nimekula sukari. Nimeimba, Metrine, si niliimba wimbo wa harusi juzi juzi?"

"Uliimba, mama."

"Na watu walisikia."

"Walisikia. Nisamehe. Si neno la kusamehewa, lakini nisamehe."

Nje, wanawake wa samaki walikuwa wakipanda kutoka Dunga kwenda mjini, mabeseni kichwani, wakiongea kwa kelele.

"Nani alimlilia?" Mama Awuor aliuliza. "Huko Seme shangazi zake wamekufa wote. Wake wa wale ndugu hawakumpenda. Nani alimlilia mwanangu?"

"Sijui, mama." Kisha Metrine akasema, maana sasa alikuwa hana tena la kuficha, "Mimi nililia."

"Wewe?"

"Aliniletea leso siku moja. Na alikuwa akinisalimu kwa Kibukusu, akikosea, ananichekesha. Nililia."

"Wapi?"

"Stoo, nyuma ya magunia ya mahindi."

"Kwa sauti?"

"Hapana. Nilijiziba na aproni, usije ukasikia."

Mama Awuor alitikisa kichwa, pole pole, kama anayesikia habari za jambo la ajabu kutoka nchi ya mbali. "Nisimamishe," akasema. "Mtoto haliliwi mtu akiwa amekaa kitandani."

Metrine na Lornah wakamsimamisha. Kikapu kilidondoka na hakuna aliyekiokota. Alipandisha mikono kichwani, akajaza kifua hewa, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Kilitoka kikohozi. Uso wake ulijaa hofu, hofu ya kweli, ya mtu aliyefika mlangoni kwake akakuta umefungwa.

"Imekataa," alinong'ona. "Nimechelewa. Metrine, anza wewe."

"Mama, mimi sijui mnavyolia."

"Umemjua. Anza."

Metrine akaanza. "Uwi," akasema, kidogo, akitazama mlangoni kama mtu anayeogopa kuamsha wagonjwa.

"Hiyo ni sauti ya stoo," Mama Awuor alisema. "Toa ingine."

Basi Metrine akafumba macho. Akamkumbuka Gordon mlangoni na mfuko wa sukari, mguu mmoja nje mmoja ndani, akisema mulembe, ile salamu ya Kibukusu, na kuikosea. Akamkumbuka na mama yake mwenyewe, ambaye hakumlilia kwa sauti kwa kuwa shangazi walisema watoto wanyamaze. Na sauti iliyomtoka hapo ilimshtua hata yeye. "Uwi! Gordon! Gordon yaye!" Ilivuka ua, ikaingia jikoni, Wanyonyi akaangusha mwiko. Na kabla haijaisha, chini yake ikaanza sauti nyingine, nzito, ya zamani, iliyotoka tumboni, na ile ikapanda ikaipita ya Metrine.

"Uwi! Wuoda, mwanangu! Wuod Seme, mwana wa Seme! Uwi!"

Mama Awuor alikimbia. Naam, yule mama aliyekuwa akishikwa ili afike chooni alikimbia, mikono kichwani, Metrine akimshika kiunoni asigonge nguzo, Lornah upande wa pili akilia naye. Walipita ua mzima mpaka langoni, wakageuka, wakarudi, wakaenda tena. Alimtaja Gordon kwa jina la babu yake. Alimtaja kwa trekta lake, kwa meno yake yenye mwanya, kwa siku aliyomzaa mashua zikirudi na samaki. Aliwatukana waliomzika bila yeye. Akamtukana Gordon mwenyewe kwa kuondoka bila kuaga. Wazee walitoka vyumbani na mikongojo yao wakasimama ukutani, na mmoja mmoja wakaanza kuitikia, wale walioapa kunyamaza. Magdalene alitoka ofisini na chupa ya dawa mkononi. Alisimama pale katikati ya ua akilia kwa Kikikuyu, na chupa hakuifungua.

Wanawake wa samaki walisikia barabarani. Wao hawakumjua Gordon wala nani, lakini kilio kikisikika hakipitwi hivi hivi. Waliteremsha mabeseni yao chini pale pale langoni, samaki juani, wakafunga leso viunoni wakaingia wakilia. Mkubwa wao, mwanamke mpana mwenye mikono ya magamba, alimfikia Mama Awuor akamshika mabega, akalia naye kwanza, kisha akauliza kama ilivyo desturi.

"Ni nani, mama?"

"Ni mwanangu. Gordon."

"Uwi! Amekufa lini?"

Ndiyo saa yenyewe hii. Sasa wangejua, na Dunga nzima ingejua kabla ya jioni. Metrine alifungua mdomo aseme ni mimi, ni mimi niliyemficha. Ndipo mkono uliopinda ukashuka kutoka kichwani, ukapapasa hewani, ukaupata mkono wake na kuubana kwa nguvu mpaka ukauma.

"Leo," Mama Awuor alisema. "Amekufa leo asubuhi. Huyu binti ndiye ameniletea habari."